Ritifaa Kibaoni

Mwaka 2024, katika mji wa Harrogate, kaskazini mwa Uingereza, kibao cha mtaa kilibadilishwa. Kile cha zamani kiliandikwa St Mary's Walk. Kipya kikaja St Marys Walk, bila ya ritifaa, yaani ule mkato mdogo unaoelea juu ya mstari baina ya y na s. Halmashauri ya North Yorkshire ilieleza kwamba alama za namna hiyo huzitatiza kompyuta zinazohifadhi anwani. Wakazi wakanung'unika (na neno hilo lenyewe haliandikiki sawasawa bila ya ritifaa), na mmoja wao akachukua kalamu akaichora kwa mkono juu ya kibao kipya. Mwaka huohuo halmashauri ikarudi nyuma.

Msomaji wa Kiswahili aweza kustaajabu kwamba watu wazima wagombanie nukta. Walakini yeye mwenyewe ana ritifaa, tena yake ina kazi nzito zaidi. Baina ya ngoa na ng'oa upo umbali wa kutosha: moja ni wivu na matamanio ya moyo, ya pili ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake. Aliyeachia alama hiyo amebadili sauti, na sikio litamshtaki mara moja. Ya Kiingereza haina sauti. Boys, boy's na boys' hutamkwa sawa kabisa. Mzungumzaji hakosei hata siku moja, ila mwandishi tu. Ni elimu ya jicho, na elimu ya jicho hutolewa darasani, kwa hiyo aliyetoka darasani mapema huidhihirisha hali yake kila anapoandika.

Hapa ndipo jambo linapokuwa la maadili. Waingereza wana msemo wa kuwasimanga wauza mboga, kwa kuwa wao, ati, ndio wanaotia ritifaa katika wingi wa viazi na nyanya pasipohitajika. Kicheko hicho hakina heshima. Muuza viazi anadaiwa viazi vizima na mizani ya haki. Hakuna aliyewahi kurudi nyumbani na mboga pungufu kwa sababu ya mkato juu ya ubao wa chokaa. Tena wanaocheka husahau historia ya alama yao wenyewe. Iliingia katika Kiingereza katika karne ya 16, kwa kuazimwa Ufaransa, kuonyesha herufi iliyodondoshwa. Matumizi yake ya umilikaji yalichelewa kutulia. Katika mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare uliochapishwa mwaka 1623, umilikaji aghalabu umeandikwa bila ya alama yoyote. Jane Austen naye, kwa mkono wake, aliandika it's mahali ambapo mwalimu wa leo angetia wino mwekundu.

John Richards, mwandishi wa habari mstaafu, alianzisha mwaka 2001 chama cha kuilinda ritifaa, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwaandikia wenye maduka barua za upole. Alikifunga mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 96, akilalamika kwamba ujinga na uvivu vimeshinda. Upole wake ni wa kusifiwa. Lakini yumkini barua nyingi zilikwenda kwa mtu asiyestahiki kudaiwa.

Anayestahiki kudaiwa ni mwenye mamlaka. Yeye hatungi kibao chake kwa haraka ya soko. Ana makarani, ana fedha za umma, na anachokiandika hubaki ukutani kwa vizazi. Halmashauri ya Birmingham iliamua mwaka 2009 kuziacha ritifaa katika vibao vyake, hata eneo la Kings Heath likabaki halisemi kama ni la mfalme mmoja au wengi. Hoja ya kompyuta ndiyo dhaifu kuliko zote: chombo kilichotengenezwa kimtumikie mwandishi hakina haki ya kumfundisha imla. Yenye uzito ni hoja ya Wamarekani. Bodi yao ya majina ya mahali, iliyoundwa mwaka 1890, hushikilia kwamba jina la mtu likishakuwa la mahali, umilikaji wake umekoma. Mlima hauna mwenyewe tena. Ni hoja nzuri, na jijini London reli ya Piccadilly inaonyesha kwamba mtu aweza kuishi bila ya uamuzi: kituo cha Earl's Court kina alama, kinachofuata, Barons Court, hakina, na abiria hawapotei.

Hata hivyo jina la mahali si anwani tu. Ni ushahidi kwamba palikuwa na mtu. Bodi hiyohiyo ya Marekani imekubali mahali patano tu nchi nzima pabaki na ritifaa, na pa kwanza ni kisiwa cha Martha's Vineyard, ambacho wakazi wake walikipigania hadi kikarejeshewa alama yake mwaka 1933. Jina hilo lilitokana na safari ya nahodha Bartholomew Gosnold mwaka 1602. Wengine husema Martha alikuwa binti yake, wengine mama mkwe wake, wanahistoria hawajakubaliana.