Nafasi Kando ya Ukuta

Fundi atandikaye sakafu ya mbao za mninga katika nyumba ya Kariakoo huacha nafasi, yapata milimita 10, kando ya ukuta. Asiyejua humwita mzembe. Lakini ifikapo masika, mbao hunyonya unyevu wa hewa na kutanuka. Zikikosa nafasi husukumana, hata sakafu ikainuka katikati.

Je, sisi wazee wa usharika tumwonyapo kijana, kumwachia nafasi ni kulegeza sheria? La. Amri ya Mungu ndiyo msumari, nao haulegezwi. Bali ukuta wa desturi zetu usimbane. Mbao za mti uliokufa zingali zaenda na majira. Sembuse mtu aliye hai, ambaye Mungu angali akimkuza?