Samaki wa Jana kwa Bei ya Leo

Kila mtu aliyekulia Kisumu kisha akahama ana orodha. Haijaandikwa popote, lakini mguse kidogo tu atakutajia yote bila kupumua: samaki wa Lwang'ni, maandazi ya kando ya barabara kule Kondele, chapati na maharagwe karibu na soko la Jubilee, jalebi za duka la Mhindi katikati ya mji, miwa ya kumenya pale stendi ya mabasi. Aliyebaki Kisumu hana orodha. Yeye ana chakula cha mchana tu. Njaa ikimshika anaingia hoteli iliyo karibu, anakula, anarudi kazini.

Tofauti hiyo imenikaa kichwani tangu Desemba, niliporudi baada ya miaka kumi na mitatu ya Nairobi na kuzunguka mji nikipitia orodha yangu moja baada ya nyingine. Swali nililotoka nalo ni hili: mtu aliyeondoka ana haki gani juu ya ladha ya mji? Tukirudi tukasema "wameharibu," hao walioharibu ni nani, na kilichoharibika kilikuwa cha nani?

Tuanze na maandazi. Mama aliyekuwa akiyapika zamani alikuwa na karai moja, mawe matatu na kuni, chini ya mwembe. Sasa ana kibanda cha mabati, jiko la gesi, na namba ya M-Pesa imebandikwa ukutani. Andazi la shilingi 5 limekuwa la shilingi 10, na limepungua kidogo. Rafiki yangu tuliyesoma naye alitafuna moja, akatikisa kichwa. "Mathe, siku hizi hayana ile harufu ya moshi."

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Nyathina, huo moshi umenitoa machozi miaka ishirini. Kama unautaka, kuni ziko Kibuye. Nunua, ukawashe kwako."

Alisema kwa utani, lakini hoja yake ni nzito. Ile harufu tuliyoikumbuka kama utamu, yeye aliilipia kwa macho na kifua. Sisi tulipita pale dakika tano asubuhi tukielekea shule. Yeye alikaa ndani ya moshi tangu alfajiri. Tunaposema tungependa kila kitu kibaki kama kilivyokuwa, tunamwambia mtu fulani abaki kwenye moshi ili sisi, mara moja kwa mwaka, tupate kitu cha kupiga picha. Hatusemi hivyo kwa ubaya. Lakini ndivyo ombi letu linavyomfikia.

Kuna atakayenijibu kwamba mbona watu wana haki ya kupenda asili yao. Sawa. Ila neno "asili" likiletwa mezani Kisumu, linaanza kuyeyuka kabla ugali haujapoa. Mahindi ya ugali huo yalitoka mabara ya Amerika. Wazee wa ziwa walikula ugali wa mtama na wimbi. Chapati ilikuja na Wahindi, na wengi wao walifika kupitia reli iliyoingia hapa mwaka wa 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence. Hata samaki mwenyewe, yule tunayemwapia, ni mgeni. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950. Yule wa kahawia anayejaa sahani, mwenye jina la mto Nile kwenye vitabu vya samaki, aliletwa miaka hiyohiyo. Ngege wa kweli, aliyekuwa humu kabla yao wote, ametoweka karibu kabisa katika ziwa lenyewe. Ukimtaka leo, nenda Siaya, kwenye ziwa dogo la Kanyaboli, ambako bado amejificha.

Kwa hiyo mzee wa miaka tisini angeweza kukaa Lwang'ni mwaka wa 2005, akatazama samaki niliyemwona mimi kuwa ndiye Kisumu yenyewe, na kusema: wameharibu. Kila mmoja wetu anaanza kuhesabu asili pale alipokuwa na miaka kumi.

Hoja ikiishia hapo, basi hakuna la kulalamikia. Mambo hubadilika, songa mbele, agiza piza. Wapo wanaosema hivyo, na hasa huwasikia wale wenye miradi ya kuzindua. Mimi siwezi kukubali, na sababu ni Lwang'ni.

Lwang'ni ni neno la Kijaluo, maana yake nzi, na jina halikuwa la utani. Vibanda vilipangana ufukweni, chini kabisa ya mji, karibu na reli na bandari. Unachagua samaki akiwa bado mzima juu ya meza, mnapatana bei kwa ukubwa wake, unasema kama unataka mkavu au wa mchuzi, unaletewa maji ya kunawa kwa jagi. Nyuma yako watu wanaosha magari ndani ya ziwa. Karani, tauti, wakili na mgeni kutoka Nairobi, wote walitoa miiba kwa vidole vilevile. Kisha, kabla tu ya janga la korona, vibanda vikabomolewa kupisha ukarabati wa bandari.

Kuna watu wenye akili timamu wanaotetea ubomoaji ule, na nawasikiliza. Ardhi ilikuwa ya reli. Maji machafu yaliingia ziwani. Mji unaotaka meli hauwezi kuweka masufuria gatini. Yote hayo yana ukweli. Lakini linganisha na mama wa maandazi. Yeye alibadilisha jiko lake mwenyewe, kwa fedha yake, siku aliyoamua, na bado yuko palepale anakutania. Kina mama wa Lwang'ni walibadilishiwa. Maandazi yalipoteza moshi. Lwang'ni ilipoteza wapishi.

Mtu mwenye orodha hawezi kuona tofauti hiyo, na hapo ndipo hamu ya zamani inapotudanganya. Kwake vyote viwili ni hasara ya aina moja: nilikitaka, sikukikuta. Moshi ulioisha kwa sababu mtu amepata nafuu, na meza iliyoondoka kwa sababu mtu ameondolewa, anaviandika kwenye mstari mmoja na kuvililia kwa chozi moja.

Duka la jalebi ndilo linaloniuma zaidi. Hilo lilifungwa kabla sijahama, nikiwa darasa la saba. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maduka mengi ya katikati ya Kisumu yaliporwa na kuchomwa, mengi yakiwa ya Wahindi, na lile lilikuwa mojawapo. Halikufunguliwa tena. Leo pale wanauza simu. Nimesikia zile jalebi zikisifiwa mara nyingi sana, kwenye matatu, kwenye harusi, kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa nyumbani: jinsi zilivyong'aa, jinsi sukari ilivyokutiririka mpaka kwenye kiwiko. Sijawahi kusikia mtu akiuliza ile familia ilikwenda wapi. Mzee aliyekuwa akitufungia vipande viwili kwenye gazeti na kutuongezea cha tatu, alikuwa mkazi wa Kisumu kama sisi. Tumeikumbuka sukari, tumemsahau mwenye duka. Na huenda tunaipenda kumbukumbu ya sukari kwa sababu haituulizi tulikuwa upande gani wa barabara siku ile.

Sasa, rafiki yangu yule wa moshi aliniambia jambo ambalo sikuweza kulikwepa. "Bila sisi wenye orodha, nani angejua kwamba Lwang'ni iliwahi kuwepo? Kijana wa leo anaona ukuta wa bandari, anadhani ukuta ulizaliwa hapo." Ni kweli. Mji usio na watu wanaokumbuka unaweza kufanyiwa chochote. Lakini hapo kumbukumbu inafanya kazi ya shahidi, na shahidi ana masharti. Hawezi kusimulia utamu akaruka damu. Akisema palikuwa na samaki, aseme pia nani alimkaanga, alilipwa kiasi gani, na nani alikuja na tingatinga.

Shahidi huyo asiache pia kusema juu ya mgongo wazi. Tangu mbuta awe biashara ya nje, viwanda vya hapa humkata minofu ikaenda Ulaya na kwingineko. Kinachobaki, kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, kinauzwa kwa kina mama wa Obunga, wanaokikaanga na kuwauzia majirani. Watu wa Kisumu waliokipa jina hawakuficha kitu: mgongo wazi. Mimi nimekila, na ni kitamu. Kuna vijana walioko mbali leo ambao kwenye orodha zao mgongo wazi uko juu kabisa. Siwezi kuwaambia wasiukumbuke. Ila ukiukumbuka kama ladha ya nyumbani tu, bila kuuliza kwa nini nyumbani, kando ya ziwa kubwa hivi, mtoto alikua akila kilichobaki, basi umekula chakula ukaacha habari yake.

Wazee husema jina la Kisumu linatokana na kisuma: kule kwenda kwa majirani wakati wa njaa, na kitu mkononi, ili kubadilishana upate nafaka. Huendi mikono mitupu. Unabeba kikapu, mbuzi, samaki mkavu, chochote ulichonacho, na mwenye chakula anatazama ulicholeta kabla hajapima. Nalipenda hilo kuliko hadithi nyingine zote za mji huu, kwa sababu linajibu swali langu la mwanzo. Aliyeondoka hana hati ya kumiliki ladha ya mji. Ana ruhusa ya kurudi kubadilishana.

Tubebe nini basi? Kwanza bei ya leo. Kumdai mama bei ya 2005 kwa sababu "mimi ni wa hapa" ni kumtaka akulipie nauli ya kumbukumbu zako. Pili, swali. Kabla ya kusema chakula kimebadilika, muulize aliyekipika ni nani aliyeamua. Akisema "ni mimi," kula, msifu, nyamaza. Akisema "tuliondolewa," usiishie kusikitika. Uliza walikwenda wapi, uende huko.

Kwa sababu wapo. Kina mama wa Lwang'ni hawakuyeyuka. Uliza waendesha boda, watakuonyesha: huyu yuko Dunga, yule amepanga chumba Manyatta na kuweka meza mbili nje, mwingine anakaangia kwake na kupeleka maofisini kwa oda ya simu. Nilimpata mmoja. Hakuna ziwa la kutazama pale. Unatazama ukuta wa ploti na nguo za majirani kwenye kamba. Samaki ni ghali kuliko nilivyozoea, na ni mdogo, wa kufugwa kwenye vizimba. Nilimwuliza kama anatamani kurudi ufukweni. Akaniambia anachotamani ni kibali cha biashara ambacho hakuna mtu atakuja kukikanyaga asubuhi. Kisha akauliza kama nataka osuga au sukuma, na kama nitalipa kwa simu au kwa pesa taslimu, maana mteja mwingine alikuwa amesimama nyuma yangu, na yule hakuwa na orodha yoyote. Alikuwa na njaa.