Mwanagenzi na Mtoto wa Mwenziwe

Mwaka 2009, One Laptop per Child, shirika la Marekani lisilotafuta faida, liliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu kwa watoto wa nchi kadhaa za Afrika. Kila kikundi kilipewa kompyuta 100 na fedha zisizozidi dola 10,000. Wakafunzwa Kigali siku chache, kisha wakakaa na watoto majuma tisa au kumi.

Mwanagenzi wa seremala huharibu mbao, na ubao ulioharibika huwa kuni. Mtoto je? Vijana wale, wema wao haukanushiki, walirejea vyuoni na ujuzi. Lakini ruhusa ya kujifunzia kwa mtoto wa mwenzio hutolewa na nani, kama si mwalimu wake, atakayebaki na kompyuta zikishaharibika? Huyo ndiye astahiliye kuwa fundi wao.