Je, Kunyamaza Mchezoni ni Udanganyifu?

Katika duka moja la vinyago mjini Kampala, muuzaji huwaacha wateja wajaribu ubao wa omweso kabla ya kununua. Una mashimo 32 na kete 64. Mzee niliyecheza naye alidondosha kete mbili katika shimo moja, na zamu yake ikaishia mahali pasipostahili, kwa faida yangu. Je, nilipaswa kusema?

Wenzangu darasani, ambao wengi hawachezi, husema kila mtu alinde kete zake. Sikubaliani nao. Akichagua vibaya shimo la kuanzia, faida ni halali yangu. Akikosea kugawa kete, ninashinda mchezo ambao hatukukubaliana kuucheza. Nilimwambia. Akarekebisha, akanishinda, wala hakushukuru.