Neno la Mwanachuoni na Heshima Yake

Je, mwanachuoni aliyekwisha tamka neno mbele ya watu hupungukiwa heshima akilitangua mwenyewe? Wako wadhanio hivyo. Maisha ya Henri Poincaré, bingwa wa hisabati wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1854, yaonyesha vingine.

Mwaka 1895 Poincaré aliweka msingi wa topolojia ya aljebra. Elimu hii haipimi urefu wala uzito; hutazama sifa za umbo zisizopotea linapokunjwa au kunyoshwa bila ya kuraruliwa. Uzi uliozungushwa juu ya ganda la chungwa la Handeni huweza kukazwa hata ukateleza ukawa fundo dogo. Uzi uliopitishwa katika tundu la kata ya mchota maji hautoki ila ukatwe. Kwa hiyo chungwa na kata ni maumbo mbalimbali.

Mwaka 1900 Poincaré alitangaza kipimo alichodhani chatosha kulitambua tufe la vipimo vitatu. Mwaka 1904, sifa zake zimekwisha enea, aliunda mwenyewe umbo lililotimiza kipimo hicho nalo si tufe. Hakulificha. Alilichapisha, akaweka swali jipya mahali pa jibu lake la kale. Alikufa mwaka 1912 swali halijajibiwa. Grigori Perelman wa Urusi alilijibu kwa maandishi ya mwaka 2002 na 2003.

Wala isidhaniwe kuwa kila apingwaye hana budi kulitangua neno lake. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba, milimani Usambara juu ya Korogwe, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa, asiache kuuliza. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia mjini Dar es Salaam, walichapisha habari za majaribio. Wataalamu wangali wakibishana juu yake.

Mmoja alilitangua neno lake, mwingine alilishikilia. Lakini wote wawili walitii ushahidi. Basi mwalimu wa Korogwe aulizwaye swali livunjalo somo lake ana njia mbili: kulinda cheo, au kulijaribu swali. Akilinda cheo, darasa zima litajifunza kunyamaza. Akilijaribu, hata kama litamshinda, darasa litakuwa limeiona kazi ya elimu kwa macho yake.