Kuteleza kwa Ulimi wa Mkubwa: Je, Ni Dhambi au Ni Udhuru?

Baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, twataka katika kurasa hizi chache kulitazama swali ambalo barazani husemwa kwa mzaha, wala halipimwi kwa akili. Mkubwa wa dola akisimama kuhutubu mbele ya watu, ulimi wake ukateleza, akatoa neno lisilofaa, je, atalaumiwa kwa neno lile au atasamehewa? Wako wasemao: ulimi hauna mfupa, basi asamehewe. Na wako wasemao: ulimi ndio mlango wa moyo, na mlango ukifunguka ghafula huonekana yaliyomo ndani, basi na ashikwe kwa neno lake. Sisi twaona ya kwamba makundi yote mawili yamekosa, kwani yametia katika kapu moja mambo yasiyofanana. Hapana budi kwanza kuyapambanua.

La kwanza ni ulimi kubadilisha neno. Tarehe 11 Julai 2024, mjini Washington, Joe Biden, aliyekuwa Rais wa Marekani wakati ule, alimkaribisha Rais wa Ukraine, Volodymyr Zelensky, mbele ya wakubwa wa mataifa, akamwita kwa jina la Putin, naye Putin ndiye adui anayepigana naye. Papo hapo akajirudi. Hapana mwenye akili awezaye kusema ya kuwa alikusudia. Nasi Waislamu tunayo khabari mashuhuri katika hadithi, ya msafiri aliyepotelewa na ngamia wake jangwani, naye ngamia ndiye aliyechukua chakula chake na maji yake. Alipokwisha kukata tamaa, mara akamwona amesimama mbele yake. Na kwa wingi wa furaha akataka kumshukuru Mola, akayapindua maneno, akajifanya yeye ndiye bwana na Mola ndiye mja. Lau neno lile lingalikusudiwa, lingalikuwa ni kufuru. Wala msafiri yule hakutiwa hatiani. Basi ikiwa neno zito kama lile limepata udhuru, seuze kukosea jina la mtu?

Lakini fahamu, ewe msomaji, ya kwamba kusamehewa kosa si sawa na kustahili kazi. Nahodha ambaye macho yake yamepungua hana dhambi, lakini abiria wana haki ya kuuliza kama afaa kuendelea kushika usukani. Watu wa Marekani waliuliza swali hilo, na siku kumi baadaye Biden akajitoa katika kugombea. Swali lile ni la haki, ila ni swali la uwezo, si la uovu. Mwenye kuyachanganya mawili haya humdhulumu mzee wa watu.

La pili ni neno la asiyejitayarisha. Tarehe 9 Novemba 1989, mjini Berlin, Günter Schabowski, mmoja wa wakubwa wa Ujerumani ya Mashariki, aliwasomea waandishi wa magazeti karatasi yenye amri mpya ya kuwaruhusu raia kusafiri. Yeye hakuwapo amri ile ilipozungumzwa, wala hakuisoma vema. Alipoulizwa itaanza lini, akapekua karatasi zake, akajibu ya kuwa kwa ajuavyo yeye ni mara moja, bila ya kukawia; na ilhali ilikusudiwa kuanza siku ya pili yake. Watu wakamiminika mipakani, na usiku ule ule malango ya ukuta uliowatenga tangu mwaka 1961 yakafunguliwa.

Hapa pana mazingatio makubwa. Neno lile lilileta kheri kwa mamilioni ya watu. Je, Schabowski apewe thawabu ya ukombozi? La, kwani hakuukusudia. Basi mwenye kusema ya kuwa mtu ahukumiwe kwa matokeo ya neno lake tu, imemlazimu amsifu huyu kwa uzembe wake. Na kama hatumsifu kwa kheri asiyoikusudia, haitupasi kumlaumu mwingine kwa shari asiyoikusudia. Tuwezalo kumlaumu ni uzembe wenyewe: aliingia kuwahutubia watu kwa jambo linalogusa maisha yao, naye hajui alisomalo. Kosa lake lilikwisha kutendeka kabla hajafumbua kinywa.

La tatu ni kuling'ang'ania kosa. Tarehe 6 Oktoba 1976, mjini San Francisco, Rais Gerald Ford alijadiliana na mshindani wake Jimmy Carter, akasema ya kuwa Ulaya ya Mashariki haiko chini ya Wasovieti, ilhali majeshi yao yalikuwa yakikaa Poland. Mwuliza swali alimpa nafasi ya kujirudi, naye akaongeza mkazo. Zikapita siku kadhaa ndipo akakiri ya kuwa amekosea. Na mwezi wa Novemba akashindwa katika uchaguzi. Wahenga wamenena, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini mwenye kujikwaa akainuka si sawa na mwenye kujikwaa akadai ya kuwa amelala kwa hiari yake. Hapo ndipo mtelezo unapogeuka kuwa kiburi.

La nne si kuteleza kabisa, ijapokuwa watu huliita hivyo. Tarehe 28 Aprili 2010, mjini Rochdale, Gordon Brown, Waziri Mkuu wa Uingereza, alizungumza na mama mmoja mtu mzima kwa tabasamu na upole. Alipoingia garini akamtaja kwa neno la dharau, wala hakukumbuka ya kuwa kinasa sauti kingali nguoni mwake. Siku ile ile alikwenda nyumbani kwa yule mama kumtaka radhi. Kumtaka radhi ni vema. Lakini ulimi wake haukuteleza. Kilichoteleza ni pazia. Aibu iko katika kuwa na nyuso mbili, wala haiko katika kusikiwa.

Sasa tuwageukie wasikilizaji. Tarehe 18 Mei 2022, mjini Dallas, George W. Bush alitaka kuilaumu vita ya Ukraine, akasema ya kuwa ni uvamizi wa Iraq usio na haki, kisha akajirudi. Waliokuwapo wakacheka, na dunia nzima ikacheka. Lakini hotuba ya kukumbukwa si ile. Tarehe 5 Februari 2003 waziri wake, Colin Powell, alihutubu mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa ufasaha na utulivu, akathibitisha ya kuwa Iraq inazo silaha ambazo baadaye hazikuonekana. Mwezi uliofuata vita vikaanza, wakafa maelfu kwa maelfu. Mwenyewe alikiri mwaka 2005 ya kuwa hotuba ile ni doa katika jina lake. Tazameni basi: neno lililokosewa halikumwua mtu, na neno lililopangwa vizuri liliwasha moto.

Na sisi watu wa pwani tunao ugonjwa huu. Akija mtu kutuomba kura, lafudhi yake ikiwa nzito, akikosea ngeli, twamcheka, na hoja yake twaiacha. Akija mwingine mwenye ulimi mtamu, twamsifu kwa ufasaha, wala hatumwulizi mwaka jana alifanya nini. Ndivyo tunavyodanganywa, na mlango tumeufungua wenyewe.

Kwa hivyo, ndugu yangu, ukisikia neno la mkubwa, liulize mambo manne: Je, alilikusudia? Je, alijitayarisha? Je, alipojua amekosea alijirudi? Na je, vitendo vyake vyalisadikisha au vyalikadhibisha? Wala usilichukue neno lililokatwa kichwa na mkia ukalitembeza mjini, kwani mwenye kuteleza huenda akawa na udhuru, na wewe unayelitembeza kwa makusudi huna.

Wallahu aalam. Wassalaam.