Mnataka Apone, Hamtaki Ameze

Nawasema ninyi, wa nyumba zenye mazulia na wa nyumba zenye mikeka, mnaotoka msikitini na mnaotoka kanisani, mabosi wa ofisi zenye viyoyozi na wasimamizi wa magodauni ya Vingunguti. Leo sina maneno ya kuwapaka mafuta. Ndugu yenu aliugua akili, akatibiwa, akarudi nyumbani na kazini. Mnamtaka mzima, mpole, mchapakazi, asiyewaaibisha. Lakini kile kibahasha cha plastiki kilichoandikwa 1 × 2, kinachomfanya awe hivyo mnavyomtaka, hamtaki kukiona.

Ndiyo maana anameza chooni. Ndiyo maana vidonge vyake amevihamishia kwenye kopo la vitamini, na akiulizwa husema ni vya presha. Presha ni ugonjwa wa heshima. Anaipita zahanati ya mtaani kwake, anapanda daladala mbili kwenda kliniki ya mbali ambako hakuna jirani wa kumwona kwenye benchi. Nauli hiyo mmemtoza ninyi.

Na hasira yake mmemnyang'anya. Mtu mwingine akigombana na mhasibu kwa sababu ya saa za ziada zisizolipwa, huyo ni mfanyakazi anayedai haki yake. Yeye akidai saa zilezile, kwa sauti ileile, mnatazamana, mmoja ananong'ona, "Leo kameza huyu?" na deni linafia hapohapo. Akicheka sana harusini, dishi limeyumba. Akinyamaza msibani, imeanza tena. Akipenda, akimkatalia mtu, akitaka naye agawiwe urithi wa baba yake kama wenzake, lazima kwanza mumpime. Mmemwekea kiwango cha utulivu ambacho hakuna hata mmoja wenu angekifikia tarehe 20 ya mwezi mfukoni pakiwa pakavu. Na kwenye hilo la urithi nasema wazi: wapo kaka na wajomba ambao ugonjwa wa ndugu yao umewafaa. Shamba lilijadiliwa bila yeye kuulizwa, eti hana akili. Saini yake ilipohitajika, ghafla ikaonekana akili anazo.

Kila mji umechukua hospitali yake ukaifanya tusi. Dodoma ina Mirembe, Nairobi ina Mathari, Unguja ina Kidongo Chekundu, na majina yote matatu hutumika kunyamazishia watu kwenye mabishano ya mpira. Mbona hakuna anayemtukana mwenzake kwa kumwambia aende Ocean Road? Kwa sababu saratani mnaiogopa na mnaiheshimu. Kule Lutindi, kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua makao ya waliokombolewa utumwani mwaka 1896, na tangu 1904 wagonjwa wa akili wakaanza kupokewa hapo. Watu wanauguzwa humu nchini kwa zaidi ya miaka 120, na ninyi bado mnachekea getini.

Sasa dawa zenyewe, maana mnazisema bila kuzijua. Mpaka mwaka 1952, madaktari wa Paris walipoanza kutumia klorpromazini, hospitali za akili karibu kila mahali zilikuwa zaidi ni kuta na kufuli. Haloperidoli ikafuata mwaka 1958. Dawa hizi zimewarudisha watu kwenye meza za familia zao, ila hazikufanya hivyo bure. Mdomo hukauka, au mate huchuruzika. Mikono hutetemeka mpaka kikombe cha chai kinagonga sahani. Uso hukakamaa, mtu akaonekana hana furaha hata siku anayoifurahia. Nyingine, kama olanzapini, huleta njaa isiyo na adabu, mwili ukajaa, nanyi mkampongeza kwa kunawiri huku yeye amekata tamaa mbele ya nguo zisizomwenea.

Yapo mawili ambayo kutoyajua kwenu kumeumiza watu. Haloperidoli inaweza, hasa siku za mwanzo, kubana misuli ghafla: shingo ikapinda, taya ikakaza, macho yakageuka juu yakagoma kushuka. Mkaona, mkapiga ukelele, mkasema jini limepanda, mkafunga mlango na kuanza kukemea. Si jini. Ni dawa imembana, na kubanwa huko kuna tiba yake. Akipelekwa hospitali saa hiyohiyo huchomwa sindano akafunguka kwa muda mfupi, na wengine huandikiwa vidonge vya Artane kwa ajili hiyo. Nyie mmemmwagia maji na chumvi usiku kucha, na asubuhi ameapa hatameza tena kidonge hicho maisha yake yote. Jingine ni miguu inayokataa kutulia. Mtu anakaa kikaoni, anasimama, anakaa, anatoka kutembea koridoni, na mwenyewe hawezi kueleza kinachomsukuma. Mnasema ugonjwa umerudi. Huenda dozi imemzidi, na wa kuipunguza ni aliyeiandika.

Lakini amwambie lini? Kliniki jina lake linaitwa kwa kelele ukumbi mzima, anaulizwa "unaendelea vizuri?" na kabla hajajibu faili limefungwa. Wauguzi na madaktari, hapa siwapiti. Mnaandika dawa ya miezi mitatu, mnashindwa kutumia dakika tano kumwonya mtu kuhusu shingo yake.

Twende kazini. Dozi ya usiku bado iko kichwani. Amepigana na usingizi, amegombania daladala, ameingia saa mbili na dakika ishirini. Kwenye faili lake linawekwa onyo la maandishi. Asubuhi hiyohiyo, meza ya pili, yupo aliyelewa tangu Jumamosi. Amefika saa tatu, anacheka, na wenzake wamemtuma kijana wa gengeni akamletee supu ya kukata mning'inio. Huyo ni mshikaji, kaamka vibaya tu. Mnamhurumia aliyejilewesha, mnamwadhibu anayejitibu. Aibu gani hii?

Na msiseme sheria haiwabani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Haikuandikwa humo kwamba malaria inakubalika na akili haikubaliki. Inakataza pia ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu. Inachotaka ni cheti cha daktari, na hapo ndipo mlipotega mtego: cheti chenye muhuri wa kliniki ya akili kikifika kwa karani saa tatu, saa sita mchana mpaka mlinzi wa geti ana habari. Kwa hiyo mfanyakazi anaimega likizo yake ya mwaka, siku moja moja, kwa ajili ya kliniki, na Desemba wenzake wanapopanda mabasi kwenda Moshi yeye hana siku iliyobaki.

Huyo angalau ana likizo ya kuimega. Winga wa Kariakoo, mama lishe na dereva wa bodaboda hawana. Klorpromazini hufanya ngozi iungue upesi juani. Machinga anayeitumia mnamwambia jua ni la wote, avumilie. Bodaboda mwenye dawa inayolaza hafai kushika barabara alfajiri, na hilo analijua kuliko mnavyolijua. Akimwomba mwenye pikipiki aanze kazi saa nne, anaambiwa hesabu ya siku haingoji saa nne, na funguo anapewa mwingine. Anabaki kuchagua: kidonge au hesabu. Msishangae akichagua hesabu, kisha mje kuuliza kwa nini ugonjwa umerudi.

Sasa ninyi mnaobeba jina la Mungu. Sina ugomvi na sala. Mgonjwa akiombewa huku anameza, hakuna aliyepungukiwa kitu. Ugomvi wangu ni na yule anayeshika kipaza sauti akamwamuru atupe vidonge ili imani yake ionekane. Na mwenzake, anayemnywesha kombe na kumwambia dawa za hospitali zinayachukiza majini. Isaya alikuwa nabii. Mfalme Hezekia alipokuwa mahututi, Isaya alimletea neno la Mungu kwamba atapona, na papo hapo akaagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu lake. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo mwaka 1284, wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao humo. Ninyi imani inayoogopa kidonge mmeitoa wapi?

Uongo huu wa kutupa vidonge unadumu kwa sababu unalipa mapema na kudai baadaye. Anayeacha dawa haanguki kesho yake. Anaweza kukaa wiki, hata miezi, hasa aliyekuwa akichomwa sindano ya kila mwezi, kwa kuwa dawa bado inatoka mwilini taratibu. Katika siku hizo usingizi mzito unapungua, mikono inatulia, uso unafunguka. Anajisikia mzima kuliko alivyokuwa kwa miaka. Ndipo anapoitwa mbele kutoa ushuhuda, umati unapiga makofi, sadaka inapita. Anapoanza kukesha, kusikia sauti, kutoka nyumbani usiku wa manane bila viatu, kipaza sauti kiko mkoa mwingine. Waliobaki naye ni mama yake na kamba. Majirani wanakuja kutazama, na wanaondoka wakisema hospitali ilishindwa.

Wala si mara ya kwanza. Mwaka 2011 tulipanga magari kilomita kwa kilomita kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 tulichoambiwa kinaponya. Wagonjwa walitolewa wodini wakapakiwa. Watu waliacha dawa za Ukimwi na za kisukari. Wapo waliofia kwenye foleni. Hata vigogo wa serikali walikwenda kunywa, picha zao zikatoka magazetini. Tulizika, tukanyamaza, na leo tunamfanyia mgonjwa wa akili jambo lilelile, safari hii bila hata waandishi wa habari kufuatilia.

Ramadhani ikiingia, wifi zake wanamchunguza mdomo. Qurani imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Ninyi mmemnyima kwa macho. Anayemeza lithiamu akishinda bila maji na jasho likamtoka, dawa inaweza kujikusanya kwenye damu mpaka ikawa sumu. Aende kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, akaulize. Akiambiwa asifunge, mpikieni chakula cha mchana, na msimsimange wakati wa futari.

Mnadhani nawasemea watu wa mbali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970, mmoja kati ya kila wanane, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili, kuanzia wasiwasi na sonona mpaka skizofrenia. Kwa hiyo mnaporusha mizaha yenu ya machizi kwenye meza ya chakula cha mchana, yupo pale anayeisikia. Anacheka pamoja nanyi ili asijulikane. Huenda ndiye mnayemtegemea afunge mahesabu ya mwisho wa mwezi, na anayafunga vizuri, kwa sababu jana usiku alimeza.

Basi geukeni. Mwajiri, cheti cha mtu kifungie kwenye droo, na siku ya kliniki mpe bila kumhoji mbele za watu; kama kuanza saa tatu kunamfanya afanye kazi vema, sogeza saa. Mchungaji na shehe, iteni jina la Mungu mtakavyo, ila kidonge cha mtu msikiguse. Na ninyi wa nyumbani, acheni kukificha kibahasha kile wageni wakija. Kiwekeni mezani, karibu na chai.

Wewe unayemeza, ukali huu haukuwa wako. Lakini ninalo neno kwako pia. Dawa ikikutesa, usiiache kimyakimya, wala usiipunguze mwenyewe. Rudi kwa aliyekuandikia, umtajie shingo, usingizi, uzito, na hata yale ya chumbani unayoona haya kuyasema. Akikufokea, omba kuonwa na mwingine. Dozi hupunguzwa, saa za kumeza huhamishwa, na dawa yenyewe hubadilishwa.